Kiti cha Verl Tjaden

Ardith Tjaden alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya kufulia, mkono umezama hadi kiwiko, anatafuta kilichoziba bomba. Ilikuwa soksi ya mtoto. Siku zote huwa ni soksi ya mtoto. Aliivuta, maji ya kijivu yakamrukia kifuani, akabaki ameishika huku inachuruzika.

"Mzee Verl angekuwa ameshaimba hapo," alisema Marcy, ambaye alikuwa ameketi kwenye benchi akimnyonyesha mwanawe na kusubiri ovaroli za mumewe zikauke.

"Angeimba?"

"Kila akitoa soksi. Anavua kofia, anaimba wimbo wa maziko, halafu tunaizika kwenye ndoo. Sisi wateja ndio waombolezaji." Marcy alicheka, kisha akakumbuka ni siku ngapi tu tangu maziko yenyewe. "Samahani, Bi Ardith. Nilidhani umewahi kumwona."

Ardith hakuwahi. Verl aliyemjua yeye alirudi nyumbani amechoka, akavua viatu mlangoni, akala viazi vyake na kulala na gazeti kifuani. Kwa miaka yote ya ndoa yao duka hili la kufulia lilifunguliwa kabla jua halijachomoza, na mashine zote, hata zile kongwe za kukaushia, alizitengeneza kwa mikono yake. Alifia hapo hapo nje, akikwangua theluji ili wateja wasiteleze. Siku ya mazishi mji mzima wa Orlin ulijaa kwenye chumba cha chini cha kanisa, kila mtu na sahani yake ya paja la nguruwe na viazi vya jibini, na kila mtu na kipande chake cha Verl. Huyu alitengenezewa friji usiku wa Krismasi. Yule alisaidiwa kupambana na kodi ya nyumba. Ardith alizunguka na birika la kahawa, akisikiliza habari za mwanaume mcheshi ambaye angependa sana kuolewa naye.

Hakuwahi kunyang'anywa mume na mwanamke. Mke mwenza wake alikuwa ukumbi wa mji. Kila jioni ya kikao cha madiwani Verl alinyoa ndevu mara ya pili, akavaa shati lililopigwa pasi, akatoka anapiga mluzi kwenda kuwahoji. Ardith alikuwa amemshonea mto wa kukalia, kwa kitambaa cha mapazia ya nyumba yao ya kwanza, kwa kuwa viti vya pale ni vya chuma na mgongo wake ulikuwa mbovu. Mto ulikwenda siku moja, haukurudi. Hata mto ukahamia kwa mwenzake.

Kengele ya mlango ililia. Aliyeingia ni Denny Kruse, meya, ambaye siku nyingine huuza magari. Alifuta viatu kwa adabu nyingi.

"Bi Ardith! Leo jioni utakuja, eeh? Tunamuenzi mzee. Kile kiti chake cha mbele tunakistaafisha, kama tulivyostaafisha jezi ya yule kijana wa mpira wa kikapu. Tunakitundika ukutani na kibao cha shaba. Hakuna atakayekikalia tena, milele."

"Alikuwa anakunyima usingizi, Denny."

"Ndiyo maana tutamkumbuka!" Meya alicheka peke yake. "Na keki itakuwepo."

"Na maji je?"

Habari ya maji ilijulikana. Kiwanda cha kuchinjia nguruwe kinajengwa kwenye barabara kuu, na madiwani wamekiahidi maji kwa nusu bei. Pengo lingezibwa na watu wa mji. Kwa nyumba yenye watu wawili ilikuwa maumivu. Kwa duka la kufulia ilikuwa kifo.

"Ah, hilo dogo, tutalimaliza chap chap," alisema Denny. "Kiwanda kinaleta ajira. Itakuwa sherehe ya mji mzima, Bi Ardith."

"Sawa, sherehe. Na nani ataosha vyombo?"

Denny alipiga paja lake. Alicheka hadi akatoa leso. "Jamani! Umemwiga kabisa! Hata sauti!"

"Verl mtupu!" Marcy naye alidakia, mtoto akaruka kifuani.

Ardith alibaki na soksi yake mkononi. Nimemwiga nani?

Denny alipoondoka, alirudi nyuma ya mashine akajifanya anakaza nati. Alikumbuka vizuri. Ilikuwa Sikukuu ya Shukrani. Verl alikuwa amealika ndugu zake wote, na wake zao na watoto wao, bila kumuuliza. Yeye Ardith, miguu imevimba, amesimama kwenye sinki, akasema bila kugeuka: "Sawa, sherehe. Na nani ataosha vyombo?" Verl hakujibu neno. Ardith alidhani hakusikia. Kumbe alisikia, akayabeba maneno yake kama alivyoubeba mto, akayapeleka kule kule ukumbini.

"Wakipitisha, bei hapa itapanda?" Marcy aliuliza, akikunja nepi.

"Nikipandisha mtashindwa kuja. Nisipopandisha, kabla ya majira ya joto nafunga."

"Basi nitafulia kwenye beseni la kuogea." Alisema kama mzaha, lakini alilitazama lile rundo la nepi, kisha akamtazama mtoto. "Si uende ukaseme, Bi Ardith?"

"Kusema ilikuwa kazi yake. Mimi nafuata mto wangu."

Jioni, mlangoni mwa ukumbi alikaa Joleen, karani, na kalamu yake. "Unaandika jina? Maana asiyejiandikisha kabla ya nyundo ya kufungua kikao kugongwa haruhusiwi kusema. Hata mzee alijua hilo."

"Nimefuata mto tu, Joleen."

"Huo hatukuuosha. Tuliogopa angetuuliza sabuni imelipiwa na nani."

Wewe pia, alifikiri Ardith, wewe pia unacho kipande chako.

Ukumbi ulijaa. Nyundo ikagongwa. Madiwani walisimama mmoja mmoja na kumsifu mtu ambaye mwezi uliopita walimkatiza asimalize sentensi. Watu walicheka, wakafuta macho. Kisha Denny akainua kibao cha shaba, kikang'aa chini ya taa. Chini ya jina la Verl Tjaden ilichongwa: "Nani ataosha vyombo?"

Walipiga makofi wakiwa wamesimama. Wivu ulimpanda Ardith mpaka masikioni. Sasa haukuwa wivu wa ukumbi tena, ulikuwa wivu wa Verl mwenyewe. Ulipata makofi kwa kinywa changu, bwana wewe. Na nyumbani hukuniambia hata kwamba nimesema vizuri.

Vijana wawili wa kitengo cha barabara walisogea na drili. Ardith aliwawahi. Aliinua mto kutoka kwenye kiti. Rangi ya maua ya pazia ilikuwa imepauka katikati, pale Verl alipokalia miaka yote. Ulinukia sabuni ya dukani na pipi za mnanaa.

Ndipo akaona. Kutoka pale, mtu aliona moja kwa moja meza ya madiwani, karatasi zao, mikono yao, nani anamkonyeza nani. Hakukuwa na kiti kingine cha kuona hivyo. Na hicho ndicho kinakwenda ukutani.

Aliurudisha mto, akaukalia.

"Bi Ardith," Denny alisema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "kiti hicho tunakitundika."

"Kitundikeni na mimi juu yake."

Nyuma mtu alicheka kwa nguvu. Vijana wa drili walitazamana, wakatazama dari, wakarudi kuegemea ukuta.

"Hujajiandikisha kusema."

"Sijasema. Nimekaa."

Denny alishauriana kwa macho na wenzake. Mwisho aliamua aendelee, wamalize. Akasoma azimio la maji haraka haraka, sauti imeshuka. "Wanaokubali?"

Ardith hakufumba macho. Aliwatazama kila mmoja kwa zamu, na kila mmoja ilibidi ainue mkono huku anatazamwa. Wa mwisho aliunyanyua nusu, kama anayejikuna sikio. Ulihesabiwa vivyo hivyo. Azimio likapita. Marcy, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto begani, aligeuka akatoka bila kusubiri keki.

Keki ililiwa. Watu walimpita Ardith wakimpigapiga bega, wengine wakikwepa. Alikaa. Hakuwa na la kufanya nyumbani; palikuwa na kiti cha Verl kule pia, na hakuna wa kumsimulia kikao. Miaka yote Verl alipotaka kumsimulia, yeye alizima taa.

Denny alimaliza keki yake, akaiweka sahani kwenye ukingo wa meza, mbele ya Ardith, akachukua koti.

"Denny. Nani ataosha vyombo?"

Meya alicheka tena. "Verl huyo!"

"Siyo Verl," alisema Ardith. "Ni mimi. Yalikuwa maneno yangu, toka mwanzo. Chukua sahani yako. Jikoni ni mlango ule."

Denny alisimama na mkono mmoja ndani ya koti, akitabasamu, akingoja mtu acheke ili naye aondoke. Hakucheka mtu. Aliichukua sahani. Ikasikika bomba la maji likifunguliwa jikoni.

Ardith alisimama, goti likalia. "Joleen, kikao kijacho niandike."

"Mke wa Verl Tjaden?"

"Ardith."

Alifunga vifungo vya koti, akatoka kwenye theluji. Mto aliuacha kitini.