Vitenge vya Chini kwa Bei ya Zamani

Haya nilisimuliwa na Célestine mwenyewe, Jumapili iliyopita baada ya ibada, tukimenya viazi hapa Berea.

Walikuwa na duka la vitenge kule Fordsburg, mtaa mwingine wa jiji hili, yeye na Zabibu, nusu kwa nusu. Mtaji aliutoa Luqman, mume wa Zabibu, kwa sharti kwamba kila mwaka apate theluthi ya faida. Mzigo mpya ulipangwa juu na kuuzwa kwanza, maana wateja wanataka maua mapya. Vya chini vinakaa tu. Célestine ndiye aliyesema hesabu nayo ifuate hivyo: kilichouzwa kihesabiwe kuwa kilinunuliwa kwa bei kali ya juzi, vilivyobaki vikae vitabuni kwa bei ya zamani, faida ionekane nyembamba, Luqman apate kidogo. Zabibu alicheka mpaka akajifuta machozi. "Wewe mama wewe! Asisikie tu."

Miaka ikaenda. Luqman akataka dada yake aingie dukani, Célestine ikabidi atoke. Hakubisha sana. Alishaona kibanda cha kupanga Newtown, mtaa wa jirani, na nusu yake ya mzigo ingetosha kukijaza.

Wakakaa kwa Festus, mhasibu wao Mkenya.

"Mama Célestine, hatuhesabu kitenge kimoja kimoja. Lundo lote linapimwa kwa thamani yake ya dola. Kwa bei ya leo ni elfu ishirini na nne. Lakini bei zimepanda maradufu tangu mwanze, kwa hiyo kwa bei ya mwaka wa kwanza ni elfu kumi na mbili, sawa na mlivyoanza. Lingekuwa limekua, ile nyongeza ingepewa bei mpya. Halijakua. Vitabuni nusu yako ni elfu sita."

"Elfu sita leo inanunua nini, Festus?"

"Nusu ya vitenge vyako."

"Basi nipewe vitenge vyenyewe."

"Mkataba unasema pesa, kwa thamani ya vitabuni. Uliweka sahihi."

Luqman alikuwa ameegemea kiti. "Shemeji, hesabu si yako? Mimi nimekula makombo yake miaka yote na nikanyamaza."

Kumbe alijua. Célestine akamgeukia Zabibu, aliyekuwa akikunjakunja ncha ya mtandio.

"Dada, sema basi."

"Niseme nini, dada yangu? Ni mume wangu."

Célestine akaweka sahihi tena. Njiani, akiwa amesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, mwenye kibanda akampigia: analeta mzigo lini? Célestine akamweleza alichonacho.

"Eish, mama. Kibanda nusu tupu hakilipi kodi. Kuna mwingine anangoja."

"Mpe," alisema.

Alifika chumbani jua likiwa bado dirishani. Akajilaza na viatu vyake, akajaribu hesabu ya Festus kuanzia juu, kisha kuanzia chini. Ilitoka vilevile. Jirani alimwita aje wale ugali, akaitikia "nakuja", na usingizi ukamchukua hapo hapo.