Novena ya Kuvuka Barabara

Kwa miaka kumi na tisa Hermencia alikuwa akienda kwa komadre wake kwa teksi, na nyumba zenyewe zinatazamana. Komadre huyo, Graciela, aliyemsimamia mwanawe ubatizo, alikaa ng'ambo ya barabara ya njia sita, na taa ya waenda kwa miguu ilikuwa ikizimika kabla bibi wa miaka sabini na moja hajafika nusu. Basi akawa haendi ila kwa jambo kubwa.

Desemba hiyo manispaa ya Bogotá ikaja na rangi na vyungu vya maua. Njia mbili wakapewa wenye baiskeli, kando pakapanuliwa kwa wenye miguu, na katikati pakawekwa kisiwa cha kupumzikia. Hermencia alipumzika hapo, akangoja taa ya pili, akafika kwa Graciela kwa miguu yake. Walikumbatiana wakilia kama watoto.

Lakini yalikuwa majaribio ya siku kumi tu. Yurany, binti wa manispaa, aliketi pembeni na kimashine cha kuhesabia. Watu wasipovuka mara elfu moja na mia tano, rangi inafutwa, magari yanarudishiwa njia zao. Siku ya kwanza walivuka themanini na wanne.

Kesho yake zingeanza zile siku tisa za sala kabla ya Krismasi. Hermencia akapiga simu.

"Komadre, novena ya Krismasi mwaka huu tufanye moja, pande zote mbili."

"Wapi? Sebule yangu kama kiberiti!"

"Sala kwangu. Maandazi ya jibini kwako."

Graciela akacheka mpaka akakohoa. "We mwanamke huna haya! Watu wasali, halafu wavuke kufuata tumbo?"

"Asiyevuka alale njaa."

Wakavuka kweli. Kila jioni saa moja, "amina" haijakauka midomoni, mtaa mzima ulikuwa barabarani, gitaa mbele. Hermencia akatembea kifua mbele kwa siku nne. Asubuhi ya siku iliyofuata akampelekea Yurany andazi, amuulize hesabu.

"Tuna mia nne na thelathini, mama."

"Siku zote hizo? Ulikuwa umelala? Jana jioni walipita watu kama siafu!"

"Saa ngapi?"

"Saa moja."

"Mimi natoka kazini saa kumi na moja, mama yangu."

Hermencia alijiona mjinga wa mwisho. Jibini yote ile! Hakurudi hata nyumbani. Aligonga mlango mmoja mmoja akitangaza kwamba novena sasa ni saa tisa alasiri.

"Nani anasali saa tisa?" akafoka Abelardo, fundi viatu, ambaye tangu mwanzo alinuna kwamba baiskeli zitamfukuzia wateja. "Nina kazi mimi!"

"Basi usile."

Akaja, tena na wajukuu sita. Walivuka kwenda kula, wakavuka kurudi, na waliosahau kofia wakavuka tena. Siku ya kumi Yurany alisimama juu ya kiti akapaza sauti: elfu moja, mia sita na kumi na mbili. Rangi inabaki! Abelardo mwenyewe alipiga mluzi.

Kesho yake, Krismasi asubuhi, hapakuwa na novena wala wa kuhesabu. Hermencia akavuka mikono mitupu, akabisha.

Graciela alifungua akiwa na gauni la kulalia, uso umemshuka. "Kuna nini, komadre? Nani anaumwa?"

"Hakuna. Nimekuja tu."