Unga Chini ya Kakakuona

Randa aliufuta ule unga kwa kiganja, akijifanya anafunga kamba za viatu. Alipofika mlangoni na kurudi, ulikuwa umemwagika tena chini ya mkia wa kakakuona wake wa mti, laini, rangi ya maziwa.

Dumuzi. Mchongaji hahitaji kuambiwa mara mbili. Gogo lilikuwa na mdudu ndani, na mdudu hakuwa na habari na maonyesho ya mtu.

Wasanii sita walikuwa wameleta kazi zao ukumbini, viumbe na mimea tu, na karibu zote zilikuwa chakula cha dumuzi: vikapu, vinyago, fremu za michoro, na twiga wa mianzi ambaye msusi alianza kumsuka akiwa mjamzito, akammaliza mtoto akiwa anakimbia. Dawa ilikuwa moja, kumbeba kakakuona na kumtoa nje. Aibu yake mwenyewe Randa angeimeza. Lakini gogo lile lilipasuliwa mapande mawili. Pande moja alipewa yeye na mjomba wake, na la pili mzee mwenyewe alilichonga korongo, ambaye sasa alisimama katikati ya ukumbi akimeremeta.

Mjomba ndiye aliyemlea, akamtia patasi mkononi, akampa hata hilo jina la Randa kwa jinsi alivyokuwa haachi kitu kikiwa na mikwaruzo. Sasa mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, na wote wawili walijua kwamba korongo huyo ndiye wa mwisho. Mzee hakuwa mtu wa majivuno ila kwa jambo moja: hajawahi kumpa mtu mti ambao haujakauka.

Labda korongo ni mzima, Randa alijipa moyo. Alimwendea, akapitisha vidole chini ya bawa, mahali ambapo mgeni hawezi kuona. Akagusa kitundu. Kilikuwa kimezibwa kwa nta, na nta bado ilikuwa laini.

"Toa mkono hapo."

Mjomba alikuwa nyuma yake, ndani ya koti lake la heshima.

"Mjomba, ulijua?"

"Tangu asubuhi."

"Ukaziba tu?"

"Nilikuwa na haraka, mwanangu. Gogo lilitaka muda, na mimi muda sina." Akashusha sauti. "Nyamaza leo tu. Kesho nitamtoa, nitasema amepasuka. Nimewahi kukuomba nini mimi?"

Hakuwahi kumwomba chochote. Mlango ukafunguliwa, wageni wakaanza kumiminika. Msusi akaja mbio mbio, uso wote ni kicheko.

"Mzee, nimemsogeza twiga wangu hapa kwako. Jirani kama wewe nimpate wapi?"

Mjomba alifungua kinywa. Randa alimtazama, akasubiri. Mzee akakifunga, akaanza kurekebisha kola ya koti.

Hasira zikampanda Randa mpaka masikio yakawaka moto. Alikwenda moja kwa moja, akamkumbatia kakakuona na kumwinua.

"Wangu ana dumuzi," alisema, na ukumbi mzima ukasikia. "Nimechonga mti mbichi. Kosa ni langu. Kila mtu aangalie kazi yake."

Watu walimpisha kama anayebeba mgonjwa. Unga ulimdondokea kwenye gauni mpaka uani. Alimweka mnyama juani, akageuka kuutazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Amebaki, aliwaza. Amebaki na korongo wake, na mimi nimemfunikia kosa. Alijuta, kisha akajichukia kwa kujuta, na akajua kwamba itabidi arudi ndani akamseme mjomba wake mbele za watu.

Alikuwa ameshika kitasa mlango ulipofunguliwa kwa ndani. Mjomba alitoka kinyumenyume, korongo kifuani, msusi ameshika miguu ya ndege. Mzee alikuwa analia, wala hakujificha.

"Nimewaambia gogo lilikuwa langu," alisema. "Shika kichwa, Randa. Mikono yangu haiwezi tena."