Televisheni Chini ya Kitenge

Mwaka ule wa tisini na nane ligi yetu ilivunjika bila mtu yeyote kugombana. Vyuo viwili vikubwa vya Durban vilituandikia kwamba vinahama. Kulikuwa na ligi mpya ya vyuo, ya nchi nzima, na kituo kimoja cha televisheni kilikuwa tayari kuonyesha mechi zake kila Jumamosi. Walipoondoka, Ligi ya Vyuo vya Pwani ikabaki na timu nne, na timu nne si ligi, ni watu wanaotembeleana.

Mimi naitwa Atuganile, mtu wa Tukuyu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya biashara katika chuo chetu kidogo cha Glenwood, hapa Durban, wakanibakiza kama katibu wa michezo. Ligi mpya ilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki. Ingekuwa yetu, au ya chuo kimoja cha Pietermaritzburg ambacho tulikuwa tumekifunga kila tulipokutana. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Niliamini, kama watu wengi wa umri wangu, kwamba anayecheza vizuri ndiye anayechukuliwa.

Aliyekuwa na wasiwasi ni Elysée, kipa wetu, kijana wa Bukavu aliyekuwa mwaka wa pili wa uhandisi. Chuo kilimsamehe ada kwa sababu alidaka. Mkuu wa chuo alikuwa amekwisha kuniambia waziwazi: bila ligi hakuna timu, na bila timu msamaha huo unakwisha Desemba. Elysée alilijua hilo. Kila asubuhi alipita ofisini kwangu, akachungulia, akasema, "Dada Atu, bado?" Nami nikasema bado.

Kisha akaja Bibi Nontobeko, mama wa makamo aliyetumwa na kituo cha televisheni. Alikaa kwenye kiti changu kibovu bila kulalamika, akanywa chai, akanieleza kwa upole.

"Timu yenu naipenda," alisema. "Lakini sisi tunauza matangazo. Mwenye sabuni haniulizi mmefunga mabao mangapi, ananiuliza nani anatazama. Mlisema mashabiki wenu wanakaa Greyville. Basi watafiti wetu walipita huko ghorofa kwa ghorofa. Karibu kila mlango waliambiwa hakuna televisheni."

"Hakuna?" Nilidhani amekosea mtaa. "Mimi mwenyewe hutazama nao kila Jumapili!"

Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayemtetea mdogo wake. "Mwanangu, kwa nini mtu aseme uongo juu ya televisheni?"

Aliniambia wakubwa wake wangeamua baada ya wiki mbili, na kwamba Pietermaritzburg watu walifungua milango na kuonyesha seti zao kwa fahari. Alipoondoka nilifunga ofisi nikapanda taxi kwenda Greyville.

Inabidi nieleze jambo moja. Peguy, aliyepiga video za harusi na ubatizo za Wakongomani wote wa mjini, alipiga pia mechi zetu, bure. Jumapili baada ya kanisa watu walikusanyika katika saluni ya Mama Constance, chini ya zile ghorofa za Greyville, kutazama kaseti ya mechi ya jana. Wengi walikuwa uwanjani na matokeo waliyajua. Walitazama hivyo hivyo. Kisha kaseti ilipanda ghorofani, ikazunguka nyumba kwa nyumba wiki nzima, na kufika Ijumaa picha ilikuwa imechoka, ina mistari, na wachezaji wanakimbia kama ndani ya mvua.

Nilimkuta Mama Constance anasuka nywele za mteja. Steve wa duka la simu la jirani alikuwa ameegemea mlango, na Elysée, ambaye Mama Constance ni mama yake mdogo, alikuwa anafagia. Nikawaambia yote.

"Walipita lini, hao watu?" aliuliza Mama Constance.

"Mwezi uliopita. Vijana wenye mabegi ya bluu."

Mkono wake ukasimama katikati ya msuko. "Mabegi ya bluu," alisema polepole. "Wenye kushika kalamu. Steve! Unasikia? Wale watu wa leseni, si watu wa leseni!"

Katika nchi hii, mwenye televisheni hulipia leseni kila mwaka, na wakaguzi wanaweza kubisha hodi. Na kwa mtu anayeishi kwa karatasi ya ukimbizi inayoongezwa muda kila mara, kila anayebisha hodi na kalamu mkononi ni wa kuogopwa.

"Eish," alisema Steve. "Mimi yangu niliificha ndani ya bafu, nikafungua maji. Nikawaambia bibi yangu iko naoga."

"Weye huna bibi, hujaoa," alisema Mama Constance.

"Wao hawakujua, na juu ya ile hawakuingia!"

Mteja akaanza kucheka, kichwa kikitikisika, akaambiwa atulie. Kumbe kila nyumba ilikuwa na hadithi yake. Mama Odette wa ghorofa ya tatu aliifunika seti yake kitenge akaikalia, akawapokea vijana wale kama malkia, wala hakuinuka walipoaga. Tulicheka sote isipokuwa Elysée. Alikuwa ameacha kufagia.

"Ni mie," alisema. "Tantine, weye ulikuwa umeenda kununua mafuta ya nywele. Mie niliwaona wanavuka pale kwenye robot, kwenye taa za barabara. Nikapanda ngazi mbio, nikagonga kila mlango. Nikasema, 'Fungeni! Ficheni! Leseni iko nakuja!'"

Kipa wetu alikuwa amezuia kila kitu siku ile, na alichokizuia ni watazamaji wake mwenyewe.

Mama Constance ndiye aliyepata neno la kumfariji. "Vraiment, kweli weye ni kipa," alisema. "Hata utafiti haukupita." Akacheka mpaka akajifuta macho kwa taulo la mteja. Halafu akanigeukia, na sasa hakuwa anacheka. "Huyo mama wa televizyo, mulete hapa Jumapili. Aone na macho yake."

"Na kama yeye mwenyewe ni mtu wa leseni?" aliuliza Steve.

"Basi atanikuta nimelipa. Kesho naenda posta. Huyu mtoto wa dada yangu lazima asome."

Nilimpigia Bibi Nontobeko simu palepale dukani kwa Steve. Alisita, kisha akasema atapita akitoka kanisani kwake.

Jumapili ile saluni ilijaa hadi mlangoni. Watu walikalia viti vya vikaushio vya nywele, ndoo, na magoti ya watu wengine. Mama Constance alikuwa ametangaza kwa wote kwamba mgeni anakuja na kwamba hakuna wa kuogopa. Wote waliitikia. Peguy akaweka kaseti ya jana, mechi iliyoishia kwa penalti, na dakika chache watu wakasahau kabisa habari za mgeni.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Nontobeko alisimama kizingitini na suti yake ya kanisani, mkoba begani, na, kwa bahati mbaya kabisa, kalamu mkononi.

Sijui mkono wa nani ulikuwa wa kwanza. Kitenge kiliruka, kikatua juu ya televisheni, na watu zaidi ya arobaini wakaangalia dari.

Lakini hakuna aliyekumbuka kuzima sauti. Chini ya kitenge uwanja uliendelea kupiga kelele. Filimbi ikalia, na sauti ya mtu ikasema, "Penalti!" Mama Odette akaanza kukohoa kwa nguvu ili kuifunika, akakohoa, akakohoa, mpaka mtu akampa maji. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Nilimwona Bibi Nontobeko anatazama kitenge kile, kisha uso mmoja baada ya mwingine, na nikajua sasa ameelewa ni mlango gani watafiti wake walibisha, na ulijibiwa na hofu gani.

Elysée aliinuka. Akavuta kitenge, akakikunja vizuri kama nguo ya mtoto, akakiweka kando.

"Mama, samahani," alimwambia kwa Kiingereza chake cha kujifunzia. "Televisheni ipo. Na juu ziko nyingine nyingi. Siku ile mimi ndiye niliyewaambia watu wakatae. Walinisikiliza tu. Kama kuna kosa, ni langu, si lao."

Bibi Nontobeko alirudisha kalamu ndani ya mkoba, akaufunga.

"Mimi penalti sikuiona," alisema. "Mnaweza kurudisha nyuma kidogo?"

Peguy alirudisha. Mtu akampisha kwenye kiti cha kuoshea nywele, akakaa, kichwa kikiwa karibu kuingia kwenye beseni. Mpigaji wa upande wa pili akaweka mpira, na saluni nzima ikasimama. "Kushoto!" walimpigia kelele Elysée wa kwenye kioo cha televisheni. "Elysée, kushoto! Huyo anapiga kushoto!" Elysée mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni miguuni mwao, na wote walijua ameidaka jana. Ilipodakwa tena, Mama Constance alimkumbatia mgeni asiyemjua. Bibi Nontobeko alikuwa amesimama kama wengine. Sidhani alijua.

Akiondoka aliniambia ngazini, "Siwezi kukuahidi. Lakini Alhamisi watafiti watarudi, na safari hii watajitambulisha."

Alhamisi Elysée aliwaona wanavuka kwenye robot na mabegi yao ya bluu. Nilikuwa naye. Akapanda ngazi mbio, akigonga kila mlango kama siku ile, "Fungueni! Si leseni! Ni mpira! Fungueni!" Nami nilibaki chini nikisikiliza makomeo yanavyofunguka, moja baada ya jingine, kwenda juu. Steve alikwenda mbali zaidi, akasema anazo mbili. Ya pili ilikuwa redio.

Simu ya Bibi Nontobeko iliingia ofisini wiki iliyofuata, asubuhi. Nafasi ilikuwa yetu. Nilifurahi, kisha nikafikiria zile timu tatu zilizobaki pwani bila ligi. Siku hiyohiyo nikaanza kuziandikia kuziomba mechi za kirafiki, maana nilijua kwao pia kuna watu ambao hakuna aliyewauliza vizuri.

Nilikuwa bado na kalamu mkononi Elysée alipochungulia mlangoni. "Dada Atu, bado?"

Nikamwambia aingie, akae.