Treni ya Watu Wawili

Evasio Rastelli alifanya kosa moja tu katika kupanga ile safari, nalo lilitosha: alimwambia dada yake.

Mpaka siku hiyo mpango ulikuwa mzuri. Hata mimi, jirani wa mlango wa pili ambaye sikualikwa popote, niliufurahia kama wangu. Wangepanda treni hapa Alessandria asubuhi, baada ya kahawa na si kabla yake. Wangeshuka Parma watu wakiwa wanaanza kuwaza chakula cha mchana, na hapo wangelala siku mbili bila kukimbizwa na yeyote. Kisha treni nyingine, tena baada ya kahawa, wabadilishe Bologna taratibu, waende Ravenna wakakae siku tatu nzima. Basi. Miji miwili, viti vya dirishani, na mchana wa kulala. Mkewe Ornella aliweka sharti moja tu: wawe wawili.

"Wawili, Pinuccia," aliniambia, akinyoosha vidole kana kwamba mimi ndiye sijui kuhesabu. "Mimi na yeye. Nataka nione kama bado tunaweza kuongea."

Lilikuwa ombi la ajabu kwa mwanamke aliyeolewa zamani hivyo, lakini nililielewa. Kila Agosti, tangu harusi, walikwenda baharini Spotorno kwenye nyumba ya Clotilde, dada yake Evasio. Watu saba, bafu moja, na Clotilde jikoni akiuliza nani hajamaliza sahani yake. Hiyo ndiyo iliyoitwa likizo. Ornella alirudi kila mwaka akiwa amechoka kuliko alivyoondoka, na kila mtu akamwambia hewa ya bahari imempendeza.

Basi Jumapili moja baada ya misa, mezani kwao, mbele ya tambi zilizojazwa nyama, Evasio akafungua mdomo. Nilikuwepo, kwa kuwa nilikuwa nimepeleka keki. Clotilde alikuwepo pia, kwa kuwa Clotilde huwepo.

"Mwezi wa tano tutatoka kidogo," alisema Evasio. "Kwa treni. Parma na Ravenna."

Clotilde aliweka uma chini.

"Kwa hiyo mnapita Piacenza."

"Treni inasimama kidogo tu pale, dada."

"Inasimama! Na Iole anakaa mkabala na stesheni! Binamu yako wa damu! Atasema nini?"

"Hatajua."

"Evasio," alisema Clotilde kwa upole. "Mimi nitamwambia."

Kwetu mtu anaweza kufilisika, kuachana na mkewe, hata kukosa misa ya Pasaka, na familia ikamwombea. Lakini kupita mji wenye ndugu bila kushuka na kula, hilo halina maombi. Evasio alilijua hilo kabla hajajua kutembea. Akainamia sahani yake.

"Sasa tutulie tupange vizuri," alisema Clotilde, maana yake akae yeye apange. "Siku ya kwanza mnakula kwa Iole na kulala hapo hapo, ana kile kitanda cha kukunja. Siku ya pili Reggio, kwa mjomba Ermete. Mfike mapema, yeye hula saa tano, na msikae upande wa kushoto, hasikii. Kisha Bologna, kwa Fiorenza, muwapelekee watoto wake kitu. Kisha Lugo, kwa yule mwenzako wa jeshini."

"Sijamwona tangu jeshini."

"Ndiyo maana atafurahi."

"Na Parma?" aliuliza Ornella.

"Parma hatuna mtu, wifi," alijibu Clotilde kwa mshangao wa kweli kabisa. "Mtashuka Parma mkafanye nini?"

Kwa njia hiyo Parma ikafutwa. Ravenna ilibakizwa, alasiri moja, kati ya chakula cha mchana cha Lugo na treni ya kurudi. Evasio alisema utaratibu huo haukuwa mbaya, na kwamba wangeokoa hela ya hoteli. Ornella aliinuka akaosha vyombo, akiviosha kwa namna ambayo sote tuliisikia isipokuwa mumewe.

Siku chache baadaye alikuja jikoni kwangu.

"Nimepata dawa," alisema. "Nitasema ni nadhiri. Nimemwekea nadhiri Mama Maria wa Ravenna. Mtu wa nadhiri hasimami njiani kula kwa mabinamu."

"Ornella, huwezi kumsingizia Mama wa Mungu."

"Basi vaa koti, twende nikaiweke kweli."

Tukaenda. Kanisa lilikuwa tupu. Alipiga magoti kwa shida, magoti yake si ya jana, akasema kwa sauti kama mtu anayeagiza nyama buchani: "Mama, nikifika Ravenna na mume wangu, yeye peke yake, bila kiambatisho, nitakuwashia mshumaa mkubwa kuliko yote waliyo nayo." Nikasema Amina. Ningependa kueleza kwamba niliona ni mzaha, lakini alipokuwa akisema "yeye peke yake" alilishika benchi la mbele kwa mikono miwili. Nami nikasali kwa bidii, kama ninavyowasalia wagonjwa.

Jumapili iliyofuata akawatangazia. Clotilde alisikiliza mpaka mwisho. Macho yakamjaa machozi.

"Nadhiri! Wifi yangu! Na mimi miaka yote nilidhani huna imani!"

"Kwa hiyo unaelewa," alisema Ornella. "Hatuwezi kushuka kwa Iole."

"Naelewa sana! Mtashukaje? Ni Iole atakayepanda!" Tayari alikuwa ameshika simu. "Nadhiri ya mmoja ni ya wote. Iole atapanda Piacenza. Mjomba Ermete atapanda Reggio na yule mama anayemtunza. Fiorenza na watoto Bologna. Tutajaza behewa zima, wifi, tutasali rozari njia nzima!"

Naomba Mungu anisamehe nilivyoitazama ile keki niliyopeleka tena, kisha uso wa Clotilde, wakati huo. Padri Secondo, mtu mwema asiyejua kuona mtego, aliposikia habari akatoa bendera ya parokia ya Bikira Maria, ile yenye pindo za dhahabu, iende nao. Clotilde akaipiga pasi mwenyewe. Safari ya kupumzika ya watu wawili sasa ilikuwa na mahujaji kumi na mmoja, kigari cha mtoto, bendera, na kapu la mayai ya kuchemsha.

"Lakini kwa kweli wamefurahi," Evasio alimwambia mkewe ngazini, nami nikiwa natafuta ufunguo wangu bila haraka. "Siwezi kumkatalia Clotilde. Unamjua."

"Namjua. Wewe ndiye ninayejaribu kukujua." Ornella hakupandisha sauti. "Sikiliza, Evasio. Wao wanaondoka Jumanne na bendera yao. Mimi naondoka Jumatatu, Parma kwanza, kama tulivyopanga. Nimekata tiketi mbili. Kiti cha pili kikiwa kitupu nitaweka mkoba wangu, utakaa vizuri tu. Ila ujue, mkoba ukikaa hapo, Spotorno sirudi tena. Si Agosti hii wala nyingine. Utakwenda kwa dada yako, na mimi nitabaki kwangu."

"Kwako wapi?"

"Hilo nitalifikiria kwenye treni. Nitakuwa na nafasi."

Akaingia ndani. Evasio alibaki ngazini akanitazama kana kwamba mimi ndiye ningemjibia. Nikaupata ufunguo wangu haraka sana.

Jumatatu niliwasindikiza stesheni. Nilikuwa nimemaliza novena ya siku tisa, na mtu aliyesali siku zote hizo ana haki ya kuona matokeo. Evasio alikuja, amebeba sanduku lao. Nilianza kumshukuru Mungu. Kisha tukatokea jukwaani, na Clotilde alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia kichwani, kisanduku kidogo miguuni na bendera imeviringishwa kwapani.

Bila shaka Evasio alikuwa amempigia simu. Hakutaka ajisikie vibaya.

"Wengine watatangulia Ravenna kesho," alisema Clotilde kwa furaha. "Mimi siwezi kuwaacha watu wa nadhiri waende peke yao. Na Parma, haya, tutaiona hiyo Parma yenu!"

Akampa kaka yake kisanduku. Evasio akakipokea. Amekuwa akipokea vitu kutoka mkono ule tangu alipokuwa na kaptura, mkono wake unafungua wenyewe.

Treni iliingia. Ornella alipanda kwanza. Nilimwona kupitia kioo akitafuta kiti chake, akiketi kwenye dirisha la upande wa pili, akilainisha sketi. Kisha akachukua mkoba wake magotini na kuuweka kwenye kiti cha pili. Aliuweka polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

Evasio naye aliuona. Alisimama na sanduku mkono huu na kisanduku mkono ule.

"Panda basi, mbona umeganda?" alisema Clotilde. "Milango itafungwa!"

Akakiweka kisanduku chini. Alikiweka kwa uangalifu mkubwa, mpini ukimwelekea dada yake, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Hapana, dada."

"Hapana nini?"

Alifikiri. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo.

"Hapana yote," alisema, akapanda.

Mlango ulifungwa. Treni iliondoka kwa ule upole wa treni zetu za mkoa, hivyo tulipata muda mrefu sana wa kumtazama akihangaika kuuondoa mkoba kitini, na Ornella akiwa amegeuzia uso dirishani upande wa pili, mabega yakimtikisika. Kwa kicheko au kwa kilio, siwezi kuapa.

Nilimpeleka Clotilde baa ya stesheni. Nilimwagizia kahawa, hakuinywa.

"Amelogwa," alisema.

"Ni mkewe tu, Clotilde."

"Si ndicho ninachosema?" Akaipiga bendera kofi kidogo ili isidondoke. Halafu sauti ikabadilika. "Na Agosti nitampikia nani mimi?"

Nilikuwa na majibu kadhaa mazuri, niliyokuwa nimeyaweka tayari tangu mwezi wa tatu. Badala yake nilimsukumia sukari. Akatia vijiko viwili, akakoroga, akapata nguvu, akampigia simu Iole wa Piacenza: "Toka nje sasa hivi! Treni inayokuja! Mvute Evasio hata kwa shati!"

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Ornella kwa simu, siku ya pili. Iole alikuwa jukwaani kweli, na ndala za nyumbani, na sufuria yenye mfuniko mikononi. Alikimbia behewa hadi behewa akichungulia. Evasio alipomwona aliinama chini ya dirisha kufunga kamba za viatu.

"Viatu vyake havina kamba," alisema Ornella.

"Na wewe?"

"Mimi nilimpungia mkono. Ningefanya nini, namheshimu. Naye akanipungia sufuria. Halafu treni ikaondoka."

"Evasio akatoka lini huko chini?"

"Tulipofika Fidenza."

Nikasema nampa pole. Sikumaanisha, na Mungu anajua.

"Lakini ngoja nikwambie ya jana usiku," aliendelea, na sauti ikashuka. "Tumeingia mahali pa kula, hapa Parma, padogo. Tumekaa. Kimya. Nikajisemea, haya, ndiyo haya niliyopigania, tumekuja kutazamana kama watu wanaosubiri daktari. Mara akaniuliza: Unataka kula nini?"

"Ukajibu?"

"Pinuccia, sikujua! Nimekula alichopika Clotilde. Nimepika alichopenda yeye. Nilishika ile karatasi ya vyakula nikaisoma yote mara mbili, sikujua napenda nini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia, nisubiri kidogo."

"Naye?"

"Akasubiri. Mhudumu alikuja, akamwambia bado, bibi anafikiri. Mhudumu akarudi, akamwambia bado. Hakuniambia chagua hiki, hakusema Clotilde angechukua kile. Alisubiri, Pinuccia. Mpaka wakaanza kupandisha viti juu ya meza na jiko likafungwa."

"Kwa hiyo hamkula?"

"Tulipewa mkate na jibini kwa huruma. Tumekula tukitembea barabarani, kama wahuni. Leo tunarudi pale pale. Nimeamka asubuhi najua."

Nilitaka kumuuliza ni chakula gani, lakini alikuwa ameondoa simu sikioni akisema na mtu chumbani. Nilimsikia Evasio akijibu kitu kirefu, na Ornella akamkatiza, naye akaanza tena. Wakanisahau kabisa. Nilikaa kidogo nikiwasikiliza, kisha nikakata simu mwenyewe, taratibu, kwa sababu Ornella alisema wawe wawili.