Simu ya Kisimani

Fundi simu alipozileta nyumbani zile simu kuukuu za kuzungusha namba, mkokoteni mzima, dada yake alisimama mlangoni, akashika kiuno, akamuuliza kama sasa ameamua kufukua makaburi. Zilitupwa na ofisi moja iliyohama jengo, nyeusi zote, nzito kama mawe ya kusagia. Fundi aliendelea kuzishusha. Alikuwa mwanamke mjane, karakana yake ilikuwa kibaraza cha nyumba ya dada huyo, na anayeishi kwa watu huchagua maneno ya kujibu.

Akazitafutia kazi. Moja aliigeuza taa: ukiinua mkonga balbu inawaka, ukiurudisha inazimika. Nyingine aliing'oa kengele, akamfungia getini jirani mmoja mzito wa masikio. Shemeji yake, mume wa dada, alipoiona ile taa alicheka mpaka akakaa chini, akasema simu zikiisha huenda yeye mwenyewe akageuzwa kabati. Shemeji huyo alikuwa mchimba visima, na watu walimwita Fuko, kwa sababu nusu ya maisha yake ilikuwa chini ya ardhi.

Wakati huo Fuko alikuwa akichimba kisima nyuma ya kitalu cha miche, kirefu kuliko vyote alivyowahi kuchimba. Sauti ya mtu wa chini ilifika juu imevurugika. Siku moja aliomba ndoo, akashushiwa sururu, ikampita puani. Alilisimulia jambo hilo mezani kama kichekesho, lakini mkewe hakucheka. Aliweka kijiko chini, akamgeukia mdogo wake.

"Hizo simu zako zinaweza kusema kutoka shimoni?"

Fundi alisema zinaweza. Simu mbili, waya na betri ya pikipiki vinatosha. Namba hupigi, unasema huku unasikika kule. Fuko hakutaka kusikia. Tangu ujana wake alishuka kwa kamba: ukivuta mara moja unashushwa, mara mbili unapandishwa. Mkewe akamwambia kamba haina masikio. Mwishowe alikubali shingo upande, kwa siku moja tu, ili wanawake wapate usingizi.

Kesho yake fundi alimfungia mkonga kwenye kofia kwa mpira wa tairi, kisha Fuko akashuka. Juu alibaki fundi, mkonga wa pili sikioni, pamoja na mshika kamba, mwanamume aliyeitwa Msumari kwa wembamba wake. Kando yao pampu ya petroli ilikuwa ikinguruma, ikivuta maji yaliyokwisha kuanza kuchuruzika kule chini.

Mwanzoni ulikuwa utani mtupu. Fuko aliuliza huko duniani kumepikwa nini. Kisha akanyamaza, akafanya kazi, na fundi akawa anasikia pumzi zake na sururu ikigonga mwamba. Baadaye alisikia mapigo ya sururu yanazidi kuachana. Halafu yakakoma.

"Shemeji," Fuko alisema, "leo nimechoka."

Fundi alishtuka. Kwa miaka yote aliyokaa nyumbani kwake hakuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Akamuuliza kama kichwa kinamuuma. Fuko akasema kidogo tu, kama kofia inambana. Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, akauliza kama mama yake ameshakula. Mama yake alikuwa kaburini zamani.

Ndipo fundi alipogeuka, akaona. Upepo ulikuwa umebadilika, na moshi wa pampu ulikuwa unatambaa chini kwa chini, ukiingia kisimani kama mtu anayeingia kwake.

Akamwambia Msumari azime pampu na amvute Fuko. Msumari akazima, akavuta, na kamba ikaja nyepesi. Fuko alikuwa ameufungua mkanda wa kamba ili apate nafasi ya kurusha sururu. Msumari akavua shati, akaushika ukingo wa kisima.

Fundi alimkamata mkono. "Ukishuka nitawazika wawili. Irudishe kamba chini, na usiiachie."

Akarudi kwenye mkonga. Akamsihi Fuko ajifunge mkanda. Fuko akasema atajifunga, lakini kwanza alale kidogo. Akamtajia wanawe. Pumzi alizokuwa akizisikia sasa zilikuwa za mtu anayekoroma. Kumsihi hakukufaa. Akakumbuka ni mtu wa namna gani aliyekuwa akisema naye.

"Fuko, Msumari anasema umezeeka."

Kimya.

"Anasema kuanzia kesho atachimba yeye, na wewe utamshikia kamba."

"Nani?"

"Msumari. Yuko hapa anakucheka."

Akamsogezea Msumari mkonga mdomoni. Msumari, machozi yakimtiririka, akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kama cha mtu aliyepaliwa, lakini kilifika chini.

"Mshenzi huyo," Fuko alisema taratibu.

"Panda umwambie mwenyewe. Mkanda uko mbele ya uso wako. Uguse. Umeugusa? Pitisha mkono. Sasa wa pili. Ndoana iko kifuani, ibane."

Alisubiri. Akasikia kitu kikigonga chuma, kikateleza, kikagonga tena, kisha kikabana.

"Vuta," akamwambia Msumari.

Wafanyakazi wa kitalu walikuwa wamekuja mbio, wakaidaka kamba. Nusu ya njia waya ulinasa kwenye jiwe, ukakatika, na sikioni mwa fundi mkawa mtupu. Aliendelea kuushika mkonga hivyo hivyo, mpaka kofia ya Fuko ilipochomoza ukingoni. Kichwa kilimlegea kama cha kitoto kichanga. Walimlaza chini, akatapika, akavuta pumzi, na Msumari akaketi vumbini, hana nguvu hata ya kuvaa shati.

Hospitalini Fuko alipewa hewa ya oksijeni. Daktari alipotoka kusema atapona, dada mtu, aliyekuwa amekaa benchini bila kutikisika, alimwuliza mdogo wake yote yaliyosemwa kule chini. Fundi akamsimulia.

"Mimi alinitaja?"

Fuko hakumtaja. Fundi alitazama mikono yake, nyeusi kwa grisi.

"Alikutaja."

Dada akaitwaa ile mikono, akaipakata, wala hakuuliza zaidi.

Fuko alirudi nyumbani hakumbuki chochote cha asubuhi ile isipokuwa kwamba Msumari alimcheka, na alimnunia juma zima. Hata hivyo Msumari alikula kiapo kwamba hatashika kamba tena kisimani pasipo simu. Pampu ikahamishiwa mbali, upande wa pili wa ua. Na siku Fuko aliposhuka tena, aliyekaa juu na mkonga sikioni alikuwa mkewe, na hakumruhusu anyamaze hata kidogo.