Kifaa Kisichoogopa Maji

...lakini hiki cha pili hakina vitufe, anasema mama muuzaji, hiki unagusa kioo tu na ukurasa unageuka, kile cha kwanza kina vitufe viwili pembeni ila betri yake ni wiki tatu, hiki wiki sita, wiki sita, dada, na mimi naitikia kwa kichwa kana kwamba wiki ndizo zinazonisumbua, nimeshika kifaa kimoja cha kusomea vitabu mkono huu na kingine mkono huu kama mtu anayepima nyanya, na nyuma yangu baba amekaa kwenye kiti cha wateja, kofia juu ya goti, hajasema kitu cha maana tangu Machi, tangu tulipomhamisha kutoka ghorofa ya nne kule mtaa wa Buda kwa sababu magoti yalikuwa hayapandi tena ngazi, na vitabu vyake navyo vikashuka, makatoni arobaini na moja, yule mnunuzi wa vitabu vikuukuu akivinusa na kucheka, hivi vilisomwa au vilipikwa, maana vilikuwa vimevimba, kurasa mawimbi mawimbi, vyote vikinuka maji moto ya chemchemi, baba alisomea bwawani, kila Jumanne na Ijumaa, maji yakimfika kifuani, kitabu juu ya kidevu, na rafiki yake Ottó kando na sataranji yake kwenye ubao unaoelea, akimchokoza, Lőrinc, ama usome kwa sauti ama uje nikufunge... na mimi nikabakiza makatoni mawili, chumba ni kidogo, baba, nilisema, naye akasema sawa, sawa tu, na sawa hiyo nimeibeba miezi saba, kwa sababu makatoni yenyewe hajayafungua, hata utepe haujabanduliwa, na bwawani haendi, Ottó alipiga simu mara tatu kisha akaacha, na marehemu mama yangu alianza hivihivi, aliacha kufuma kwanza, kisha redio, kisha supu, daktari hakuona ugonjwa wowote, aliacha tu, kimoja kimoja, nami sikuhesabu mpaka vilipokwisha... je, kikiingia maji, nauliza, na mama muuzaji anafurahi, vyote viwili haviharibiki, ila hiki cha kugusa matone yakikiangukia kinadhani ni kidole, kinakimbiza kurasa chenyewe, basi cha vitufe, lakini cha vitufe ni kizito zaidi kwa gramu thelathini, na viganja vyake vinatetemeka asubuhi, na kwa nini hata nauliza habari za maji, namnunulia mtu wa mwaka jana, huyu wa kwenye kiti hana bwawa, ana dirisha la jikoni kwangu na kikombe cha kahawa kinachopoa... “Mzee wangu, hebu kishike, hakiumi,” anasema mama muuzaji, anachomoa kile cha kugusa mkononi mwangu na kumpa, humo ndani mna hadithi ya kujaribia, kisha ananirudia na habari za kumbukumbu, vinaingia vitabu elfu sita, dada, elfu sita, na mimi naona makatoni tu, makatoni yakishuka ngazi, nageuza macho nisimtazame baba, lakini kioo cha kabati mbele yangu kinamwonyesha yeye yule, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, kifaa karibu na pua, na kidole gumba... kidole gumba kinakwenda mdomoni, kinagusa ulimi, kinarudi kwenye pembe ya kifaa na kuvuta polepole, vilevile, mate yaleyale, miaka arobaini mama akimgombeza, Lőrinc, hicho kitabu, si stempu, na mama muuzaji naye ameona, “Mzee, hicho hakihitaji mate,” na baba, bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa, sauti ambayo nilidhani imebaki kule ghorofa ya nne, “Kimeruka kurasa tatu. Nirudishieni pale nilipokuwa nasoma, huyu mwanamke alikuwa bado yuko mlangoni,” na mkono wake umenyooka tayari, anataka kile chenye vitufe, nampa, mama muuzaji anamtafutia hadithi ileile, baba anabonyeza, tk, anasoma, tk, midomo inacheza, gramu thelathini hata hazihisi, “Ijumaa Ottó atakirushia maji,” ananung'unika, “makusudi, namjua,” Ijumaa, amesema Ijumaa, na kitu kifuani mwangu kinakaa chini, kinavua viatu, kumbe sikuwa nimepumua sawasawa tangu Machi, kumbe alikuwa akingoja tu, kama vile vitabu ndani ya makatoni, na nikifika nyumbani nitabandua ule utepe mwenyewe, au hapana, nitamwachia, ana vidole... wiki tatu au wiki sita, dada, anauliza mama muuzaji, tuchukue kipi basi, watu wamepanga foleni, na mimi najua ni kipi, nimeshajua, lakini nainua kiganja, subiri, mama, subiri kidogo, yule mwanamke bado yuko mlangoni.